Sekunde Kumi na Moja

Mwenye macho haambiwi tazama.
Huyu ana macho manne ya kioo, na bado huambiwa:
tazama, geuza shingo, rudi.
Amri hupanda kutoka Sodankylä,
kwenye antena ambayo Tuure huifuta theluji kwa ufagio
na hajawahi kuuliza huko juu kuna nini.

Irja Kumpula amevaa soksi mbili mbili.
Kahawa yake imeota utando.
Kazi yake si kuona;
ni kuhesabu kilichoonwa:
ukanda wa kilomita mia na themanini
unaotandikwa juu ya dunia kama mkeka,
ukingo kwa ukingo na mkeka wa jana.

Lakini chombo kikigeuka, mkeka haunyooki.
Kikilala ubavu, ukingo mmoja hurefuka
kama kivuli cha mtu saa kumi na moja jioni,
na wa pili hujikunyata.
Kikiinamisha pua, mistari hupandana,
pakaonwa mara tatu pale pale pasipo na haja.
Kikiinua, huachana.

Jana kiliombwa kitazame mafuriko:
mto Tornio ulikuwa umebeba daraja la mbao
na nusu ya ghala la mtu.
Nyuzi ishirini na mbili kushoto, kisha kirudi.
Programu ikajibu: eneo lote limefunikwa.
Kijani toka pembe hadi pembe,
kijani safi, kama jibu la mwanafunzi aliyenakili.

Ndipo simu ikatetemeka. Heaika Sarre, wa Inari:
*Alfajiri navusha kulungu ziwani, majike yana mimba.
Barafu ya visiwa vya mashariki ikoje?*

Mwisho wa Aprili. Barafu ya Aprili
huonyesha uso mweupe na kuficha tumbo.

Irja akafungua hesabu, akaisoma kama barua ya deni.
Kila dakika programu iliuliza: uko wapi, unatazama wapi?
Kati ya dakika na dakika ilipiga mstari kwa rula,
na ndani ya mstari ule chombo kilizungusha shingo na kuirudisha,
kama mtoto aiibaye sukari mama akipepesa.
Akafuta sitini. Akaandika moja.
Kompyuta ikaguna, feni ikapanda sauti,
sekunde moja, moja, moja,
hadi kijani kikapasuka.

Sekunde kumi na moja.
Kufumba na kufumbua, wasemavyo watu,
ila huko juu kufumba ni kilomita sabini na tano.
Pengo jembamba, limechongoka ncha mbili,
na katikati yake, vile visiwa.

Rauha, msimamizi, akasimama nyuma ya kiti.
“Jaza kwa picha ya Jumanne. Mshono hautaonekana.”
Alisema kwa upole. Ni mtu mpole.
Picha ya Jumanne ilikuwa nyeupe, imara, nzuri mno.
Irja aliishika kwa kidole cha kipanya,
akaiburuta hadi ukingoni mwa pengo.
Ilikaa sawasawa. Hiyo ndiyo iliyomtisha.

Akaiachia.
Akapaka pengo kijivu, rangi ambayo haimo kwenye ufunguo wa ramani,
na kwenye ufunguo akaongeza neno: *hapajulikani*.
Kisha akamwandikia Heaika:
*Sikuona hapo. Nilikuwa nimegeuka.*

Alisema *nilikuwa*, kana kwamba shingo ni yake.

Jibu lilichukua muda wa kikombe kingine kupoa.
*Basi nitagonga kwa nondo, hatua kwa hatua.
Unapita tena lini?*

*Saa nne na dakika kumi na nne.
Safari hii sitageuka.*

Nje, antena ilianza kunung'unika kwenye ekseli yake,
ikitafuta ukingo wa anga.
Tuure akasogea kando na ufagio,
akaipisha.